Uvimbe wa ubongo: muulize daktari uko wapi

Ukiambiwa mtu wako ana uvimbe kwenye ubongo, kwanza utauliza kama ni kansa, halafu utauliza ukubwa. Tafadhali ongeza la tatu: umekaa wapi?

Wa mama yangu ulikuwa mkubwa kama limau. Kule Upper Hill, Nairobi, daktari alitugeuzia skrini, akaweka ncha ya kalamu kwenye doa jeupe: mbele, upande wa kulia, limeegemea fuvu. Meninjioma, uvimbe unaoota kwenye utando unaofunika ubongo, na mara nyingi si kansa. Hapo kisu kinafika. Uvimbe huohuo ukiota chini, kwenye kitako cha fuvu, kati ya mishipa mikubwa ya damu na neva za macho, kuutoa wote huwa kazi ngumu mno. Ila sehemu ya mbele huchelewa kujisema. Mama alikuwa amepoa muda mrefu, sufuria inaungua naye ameketi tu, majirani wakisema ni uzee.

Kwenye benchi la kliniki nilikaa na mama mmoja wa Kayole, amempakata mwanawe. Jicho moja limeingia makengeza, kila kijiko cha uji kinampalia. Uvimbe wa mtoto huyo uko kwenye shina la ubongo. Pale pana upana wa sentimita chache tu, na ndipo zinapopita amri za mikono, miguu, kumeza na pumzi. Uvimbe wenyewe hujipenyeza kati ya nyuzi hizo, kwa hiyo hakuna cha kung'oa. Mionzi humpa mtoto nafuu ya miezi, lakini wengi hawamalizi mwaka. Neil Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga mwezi, alimzika binti yake Karen mwaka 1962 kwa ugonjwa wa mahali hapo hapo, akiwa na miaka miwili. Hadi leo tiba kuu ni mionzi. Inaniuma sana hiyo.

Nyuma kidogo tu, kwenye sehemu iitwayo ubongo mdogo, watoto hupata uvimbe mwingine unaokua polepole, na ukitolewa wote, zaidi ya 9 kati ya 10 huwa hai miaka kumi baadaye.

Aina nayo ina uzito wake. Glioblastoma, kansa kali ya ubongo, hata ikikaa mbele inakofikika, huwa imeshatawanya mizizi. Hata kwa matibabu yote, zaidi ya nusu ya wagonjwa hawafiki mwaka mmoja na nusu. Kwa hiyo uliza aina na mahali pamoja, kisha uliza ni kiasi gani kinaweza kutolewa bila kumharibia usemi au mkono. Na omba CD ya picha, si ripoti peke yake. Daktari wa pili atataka kujionea mwenyewe.