Maskini Aliyeuokoa Mji

Somo la juma hili: Mhubiri 9:13–18

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, vijana walibaki chini ya mwembe wakibishana: katika karne ya ishirini, nani aliigusa dunia kuliko wote? Mmoja alimtaja Einstein, na ana wa kumuunga mkono, maana jarida la Time lilipoufunga mwaka 1999 lilimtangaza yeye kuwa mtu wa karne, Gandhi na Rais Roosevelt wakimfuatia. Mwingine akasema Hitler, akaeleza kwamba kuigusa dunia si lazima kuwe kwa wema. Wakatajwa Lenin, Mao, Mandela, Martin Luther King, na Mwalimu Nyerere, ambaye kwetu sisi hawezi kukosa kutajwa.

Niliwasikiliza, kisha nikawauliza kama kuna aliyewahi kumwona mgonjwa wa ndui. Hakuna. Binti mmoja, mwanafunzi mzuri tu, akaniuliza, "Shikamoo mama, ndui ndiyo tetekuwanga?"

Swali lake limekaa nami juma zima. Siyo; ndui ilikuwa ugonjwa mwingine kabisa, uliokuwa ukiua. Nimefurahi kwamba hajui. Halafu nimehuzunika kidogo, kwa sababu hiyo hiyo.

Mhubiri anasimulia habari ya mji mdogo wenye watu wachache. Mfalme mkuu akaujia, akauzingira, akajenga maboma juu yake. Ndani ya mji alikuwamo maskini mmoja mwenye hekima, naye kwa hekima yake akauokoa mji. Mhubiri anamaliza kwa maneno machache sana: hakuna aliyemkumbuka maskini yule. Hatuambiwi alifanya nini. Hata Biblia yenyewe haikututajia jina lake.

Mfalme aliyeizingira dunia yetu karne nyingi alikuwa ndui. Inakadiriwa kwamba katika karne ya ishirini peke yake iliua watu wapatao milioni 300. Jumlisha waliokufa katika vita vyote viwili vya dunia; hawafikii nusu ya hao. Mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, ilikuwa bado inawapata watu kati ya milioni 10 na 15 kila mwaka. Waliopona walibaki na mashimo usoni, na wengine walipofuka macho. Leo hayupo hata mmoja anayeumwa, popote duniani. Hakuna ugonjwa mwingine wa wanadamu uliowahi kufutwa hivyo.

Ni nani aliyefanya jambo hili? Hapo ndipo majina yanapokuwa magumu, kwa kuwa hayumo mtu mmoja wa kuwekewa sanamu.

Alikuwapo daktari wa Kisovieti, Viktor Zhdanov. Mwaka 1958 alisimama mbele ya mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika Minneapolis, Marekani, wakati nchi yake na nchi ile ya wenyeji wake zilikuwa zikitazamana kwa makombora. Akaanza kwa kuwasomea barua ya Rais wa zamani wa Marekani, Thomas Jefferson, aliyomwandikia Edward Jenner, daktari wa Uingereza, mwaka 1806, kwamba kwa ugunduzi wake wa chanjo vizazi vijavyo vitaijua ndui kwa kusoma historia tu. Kisha akapendekeza dunia nzima iungane kuimaliza. Nchi yake ikatoa dozi zaidi ya bilioni moja. Mimi nimelelewa nikiambiwa kwamba nchi ile ilimkana Mungu, na kweli makanisa mengi yalifungwa huko. Lakini naamini Mungu anaweza kuokoa kwa mkono wa yeyote. Alimwita Koreshi, mfalme wa Uajemi, masihi wake, naye Koreshi hakumjua.

Alikuwapo Benjamin Rubin, aliyechukua sindano ya cherehani, akalisaga tundu lake hadi likawa na ncha mbili kama uma mdogo. Kati ya ncha zile tone dogo la chanjo lilining'inia, likatosha mtu mmoja. Dozi ya mtu mmoja ya zamani ikawatosha wanne, na mtu asiyesoma udaktari aliweza kufundishwa kuchanja kwa muda mfupi tu. Kampuni aliyoifanyia kazi iliachia haki yake ya malipo ili sindano hizo zitumike bure katika kazi hiyo. Kila nikifika kwenye lile neno la Bwana kuhusu ngamia na tundu la sindano, siku hizi nawaza na tundu hili lililosagwa, ambalo mamilioni walipita humo wakaingia katika uhai.

Na alikuwapo William Foege. Huyu naomba tukae naye kidogo, kwa kuwa ni wa nyumba yetu: daktari kijana wa misheni ya Kilutheri, aliyetumwa mashariki mwa Nigeria. Desemba 1966 ndui ilizuka huko, na chanjo iliyokuwapo haikutosha kuchanja watu wote kama ulivyokuwa utaratibu. Jioni ile alikaa kwenye simu ya upepo waliyotumia wamisionari kujuliana hali. Akamgawia kila mmoja eneo lake, akawaomba watume wapiga mbio vijijini waulize kama kuna mwenye ndui. Jioni iliyofuata walipokutana tena hewani, alijua moto uko wapi. Basi hakuchanja kila mtu. Alichanja wale waliomzunguka mgonjwa, nyumba yake na kijiji chake, kisha masoko na jamaa ambako ugonjwa ungeweza kuelekea. Miezi michache baadaye ndui ilikuwa imekosa pa kwenda katika eneo lile.

Mnaona, wapendwa? Mfalme mkuu aliuzingira mji, na mwenye hekima akamzingira mfalme. Upungufu wa chanjo ndio uliomfikisha hapo. Angekuwa na maghala yaliyojaa, huenda angeendelea na njia ya zamani, na njia ya zamani ilikuwa imeshindwa katika nchi zenye watu wengi. Njia yake ilikuja kutumika hata India na Bangladesh.

Lakini Foege hakukimbia vijijini. Walikimbia wengine. Majina ya wapiga mbio wale mimi siyajui, wala ya maelfu ya wachanjaji waliotembea kwa miguu, kwa punda, kwa mitumbwi, wakifukuzwa na mbwa na wakati mwingine na watu, hadi kambi za wafugaji kwenye jangwa la Ogaden, huko Ethiopia.

Mwisho wa safari ulikuwa jirani yetu, Somalia. Tarehe 12 Oktoba 1977, katika mji wa Merca, gari lililobeba watoto wawili wenye ndui lilisimama hospitalini kuuliza njia. Mpishi wa hospitali, kijana wa miaka 23 aitwaye Ali Maow Maalin, akapanda kuwaonyesha. Safari ya dakika chache tu. Kijana huyu alifanya kazi kati ya wauguzi na sindano, lakini alikuwa ameikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu. Siku kumi baadaye akashikwa na homa. Kwanza wakadhani malaria. Vipele vilipotokea wakadhani tetekuwanga, kama alivyodhani binti yetu. Ilikuwa ndui. Wakatafutwa watu wote aliokutana nao, 161, na katika majuma mawili wakachanjwa watu zaidi ya 54,000 mjini na kandokando yake. Hakuna hata mmoja aliyeipata kutoka kwake. Maalin akapona, akawa mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa njia ya asili. Tarehe 8 Mei 1980 dunia ikatangaziwa kwamba imeisha.

Kilichonitoa machozi ni yaliyofuata. Miaka mingi baadaye Maalin alijitolea katika kazi ya kumaliza polio nchini mwake. Akaenda nyumba kwa nyumba akikaa na wazazi walioogopa chanjo, akiwaambia kwamba hata yeye aliogopa, na yaliyompata akawasimulia. Alisema Somalia ilikuwa ya mwisho kwa ndui, naye hakutaka iwe ya mwisho kwa polio pia. Polio iliporudi mwaka 2013 alitoka tena kufanya kazi hiyo. Akashikwa na malaria, akafa Julai mwaka huo. Alikuwa Mwislamu, nami ni Mkristo, na siioni sababu ya kutomshukuru Mungu kwa ajili yake kwa sauti, katika ibada.

Nawaza mara nyingi kuhusu wazazi wale waliomfungulia mlango. Watoto wao wakikua wakitembea vizuri, hawatakuwa na cha kumshukuru. Nani humshukuru mtu kwa ugonjwa ambao hakuugua? Aliyeponywa ana ushuhuda wa kutoa kanisani. Aliyekingwa hana hadithi. Wale wakoma kumi waliijua ngozi yao ilivyokuwa jana, na bado alirudi mmoja tu.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na makovu ya ndui usoni. Tukiwa watoto tulikuwa tukipitisha vidole juu yake na kuhesabu yale mashimo, naye alituacha. Aliugua akiwa msichana mdogo. Walimtenga kwenye kibanda mbali na nyumba, na hakuna aliyethubutu kusogea isipokuwa mwanamke mmoja wa kijiji cha pili, aliyekuwa na makovu kama hayo, kwa sababu aliyeugua akapona haikumrudia tena. Mwanamke yule alimletea uji, akamwogesha, akamlaza kwenye majani ya mgomba ili ngozi isigande kwenye mkeka. Alikaa naye hadi vidonda vikakauka, kisha akaenda zake kwa mgonjwa mwingine.

Nilimuuliza bibi alikuwa anaitwa nani. Alifikiri kwa muda mrefu, mkono wake shavuni. Akasema, "Mjukuu wangu, nilikuwa mdogo. Sikumuuliza."

Jumatano kwenye kipindi cha maombi ya familia, ombi langu ni moja. Tuwaombee wanaobeba masanduku ya chanjo juma hili kwenye pikipiki, kwenye matope ya masika, hadi kwa watoto wasio wao. Na kama unamjua mmoja wao mtaani kwako, njoo na jina lake.