Dua ya Mwanamke wa Kifafa na Masikio Yanayovuma

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu katika imani.

Tafakari ya Ijumaa hii inatoka kwenye hadithi fupi waliyoipokea Bukhari na Muslim. Ibn Abbas (r.a.) alimwambia mwanafunzi wake, Ataa bin Abi Rabah: "Je, nikuoneshe mwanamke katika watu wa Peponi?" Akamwonesha bibi mmoja mweusi. Bibi huyo alipata kumwendea Mtume (s.a.w.) akamwambia: "Mimi hushikwa na kifafa, na nguo hunifunuka. Niombee kwa Mwenyezi Mungu." Mtume akamjibu: "Ukitaka, subiri, nawe utapata Pepo. Na ukitaka, nitamwomba Mwenyezi Mungu akuponye." Akasema: "Nitasubiri." Kisha akaongeza: "Lakini mimi hufunuka, basi niombee nisifunuke." Mtume (s.a.w.) akamwombea.

Wengi wetu tukiisoma hadithi hii tunashika lile neno "nitasubiri", tunalitolea mawaidha, tunamaliza. Mimi kila mara hunasa kwenye ombi la mwisho. Bibi yule aliyakubali maradhi, ila fedheha ya kufunuka mbele za watu hakuikubali. Aliutenga ugonjwa na madhara ya ugonjwa. La kwanza akalivumilia, la pili akalitafutia msaada kwa mbora wa viumbe, naye hakumwambia kwamba subira yake ina kasoro. Na angalieni, hata kabla ya kusubiri alikwenda akasema. Hakuuficha ugonjwa wake ili aonekane ana imani kubwa.

Nimeileta hadithi hii kwa ajili ya wenzetu ambao masikio yao hayanyamazi. Tunaswali nao safu moja na hatujui. Mmoja atakwambia sikio linapiga mluzi, mwingine atasema nyenje analia kichwani, mwingine ni mvumo tu kama wa mashine, mchana na usiku. Hakuna kidonda wala homa, na kwa wengi wao hata ukiweka sikio lako kwenye lake husikii kitu. Ndiyo maana wengi hawaaminiwi. Duniani inakadiriwa kwamba zaidi ya mtu mzima mmoja kati ya kumi ana hali hii, ingawa kwa wengi ni ya kupita au haiwasumbui sana. Wapo wachache inaowanyima usingizi, utulivu na hata ladha ya kuishi.

Mkoa wetu wa Tanga umeyafanyisha masikio kazi nzito. Tangu Mjerumani Richard Hindorf alipoleta miche ya mkonge pwani hii mwaka 1893, vizazi vya baba zetu vimepita kwenye mashine. Ami yangu mmoja alifanya kazi kwenye korona, yaani mashine ya kuchakata mkonge, upande wa Muheza toka ujana wake mpaka alipostaafu. Aliyewahi kusimama karibu na korona anajua. Majani yanaingia upande huu, ngoma ya chuma inazunguka na kuyaponda, singa zinatoka upande wa pili, na watu mnazungumza kwa mikono kwa sababu sauti ya mtu haifiki. Viziba masikio havikuwapo. Ongeza mafundi wa kuchomelea na kukata vyuma, maseremala, na wale waliokuwa wakipiga baruti baharini au waliokaa karibu nayo, maana mlipuko mmoja tu unaweza kulijeruhi sikio moja kwa moja.

Ami nilimkuta usiku mmoja pale Makorora amekaa ukingoni mwa kitanda. Umeme ulikuwa umekatika, na feni yake ya mezani, ambayo kizuizi chake cha mbele kimefungwa kwa waya na kinatikisika usiku kucha, ilikuwa imesimama.

"Shikamoo ami. Bado hujalala?"

"Marahaba mwanangu. Nilale vipi? Korona imo humu." Akajigonga kwa kidole nyuma ya sikio. "Feni ikizima, yenyewe ndiyo inawaka."

Maneno yale yana elimu ndani yake. Katika sikio la ndani, ile sehemu yenye umbo la konokono, Mwenyezi Mungu ameweka chembe zenye vinyweleo vidogo mno ambazo hupokea mtikisiko wa sauti na kuupeleka kwenye ubongo kwa njia ya mshipa wa fahamu. Kelele kubwa na umri huziua, na kwa binadamu hazioti tena. Ubongo ukikosa sauti uliyoizoea huongeza nguvu ya kusikiliza, kama mtu anayefungulia redio mpaka mwisho kutafuta stesheni ya mbali, na kinachotoka ni mvumo. Chumba kikiwa kimya kabisa ndipo mvumo unapotawala. Mwaka 1953 watafiti wawili wa Marekani, Heller na Bergman, waliwaingiza watu 80 wasio na malalamiko yoyote ya masikio katika chumba kisichopenya sauti, na asilimia 94 kati yao wakasema wanasikia milio. Kwa hiyo ndugu yetu anayesikia asichosikia mwingine si mwendawazimu, wala hakupagawa.

Nasema hivi kwa uchungu kidogo, kwa sababu najua tunavyofanya. Mtu akisema sikio linavuma, wa kwanza atamwambia kuna anayemsengenya. Wa pili atamletea riwaya kwamba sikio likilia mtu amswalie Mtume (s.a.w.). Kumswalia Mtume ni kheri kila saa, lakini riwaya hiyo wanazuoni wa hadithi wameitia dosari kubwa, nasi tusimnasibishie Mtume jambo tusilokuwa na yakini nalo. Wa tatu atasema ni jini, na hapo fedha za familia zinaanza kutoka. Wa nne atapasha mafuta na kitunguu ayamimine sikioni. Jamani, msimimine kitu masikioni bila daktari kutazama! Ngoma ya sikio ikiwa imetoboka, mnaongeza balaa juu ya balaa. Na vijiti vya pamba huisukuma nta ndani zaidi, nayo nta iliyoziba yenyewe inatosha kuleta mvumo.

Mabedui walimuuliza Mtume (s.a.w.) kama watafute matibabu, akawaambia watafute, kwa kuwa Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa ugonjwa mmoja, nao ni uzee. Wamepokea Abu Daud na Tirmidhi. Hadithi hii inamtosha kabisa mwenye masikio yanayovuma. Kwanza nenda ukatazamwe, kwani huenda ni nta tu, au usaha, au shinikizo la damu, au dawa unazotumia. Wazee wanaikumbuka kwinini ilivyokuwa ikivumisha masikio. Aspirini ikizidi hufanya hivyo pia, na sindano za gentamaisini zinaweza kuliumiza sikio la ndani. Usiache dawa kwa kujiamulia, mwambie aliyekuandikia.

Yapo mambo hayasubiri miadi. Usikivu ukipotea ghafla katika sikio moja, nenda hospitali siku hiyo hiyo, maana matibabu yake hupungua faida kila siku inayopita. Mvumo unaokwenda na mapigo ya moyo, ulio upande mmoja tu, au unaokuja na kizunguzungu kikali, uso kulegea, damu au usaha, huo nao utazamwe na daktari wa masikio, pua na koo.

Baada ya hayo yote, wapo watakaoambiwa kama alivyoambiwa ami: masikio yamezeeka, hakuna kidonge cha kuuondoa mlio. Ni kweli, mpaka leo hakuna dawa iliyothibitika kuuondoa. Lakini ami aliambiwa hivyo kisha akaambiwa "vumilia mzee", akafunguliwa mlango atoke. Hapo ndipo ninapomkumbuka bibi wa kifafa. Mlio unaweza kubaki, lakini mateso yake yana dawa. Asiyesikia vizuri akipewa kifaa cha kusaidia usikivu, ambacho wengine hukiita shimesikio, mara nyingi mvumo humpungukia, kwa kuwa ubongo umepata sauti za kweli za kusikiliza. Usiku usilale katika ukimya mtupu. Weka feni, au redio ya betri kwa siku za giza, au kisomo cha Qur'ani kwa sauti ya chini. Kiwe chini kidogo ya mvumo wenyewe, usiufunike kabisa, ili ubongo uuzoee na hatimaye uupuuze. Na upo ushauri nasaha wa kisaikolojia unaomfundisha mtu kuubadili mtazamo wake juu ya mlio, hofu iondoke, usingizi urudi. Katika njia zote zilizochunguzwa za kupunguza dhiki ya mvumo, huu ndio wenye ushahidi mzuri zaidi. Tusiuone kuwa ni wa watu waliokosa imani. Hofu huuchochea mlio, na mlio huiongeza hofu, na mtu akiachwa peke yake ndani ya mzunguko huo anaweza kuuchoka uhai. Aliyefikia hapo tumshike mkono, tumpeleke, tukae naye.

Nabii Yaakub (a.s.) alisema kwamba anamshitakia Mwenyezi Mungu huzuni yake, na Qur'ani ikayahifadhi maneno hayo katika Sura Yusuf. Ukimlilia Mola saa nane za usiku kwa sababu ya sikio, hujatoka kwenye subira. Na wanaosumbuka kwamba mvumo unawaharibia khushui, hasa katika sijida ambapo kwa wengine hupanda, wakumbuke kwamba Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake. Soma, ujisikilize unachosoma, mvumo uache uendelee na yake.

Kwetu sisi tuliobaki, masikio yetu ni amana. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba sauti ya desibeli 80 sikio hulistahimili kwa saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 100, ni dakika 20 tu kwa wiki nzima. Sasa fikirini harusi zetu za Ngamiani, spika zimepangwa mpaka dirishani na watoto wamelala chini yake. Fikirini vijana wa bodaboda na vijisikizio vyao. Na kwa heshima zote, nawaomba maimamu na kamati zetu za misikiti mpunguze spika za ndani. Adhana ifike mbali inshaallah, lakini mzee aliye safu ya mbele asitoke na maumivu.

Mtume (s.a.w.) alikuwa akiomba asubuhi na jioni, mara tatu, kama alivyopokea Abu Daud kwa Abu Bakra (r.a.): "Ewe Mola wangu, nipe afya katika mwili wangu. Ewe Mola wangu, nipe afya katika usikivu wangu. Ewe Mola wangu, nipe afya katika uoni wangu. Hapana mungu ila Wewe." Wiki hii tuisome hivyo hivyo mara tatu, na kila mmoja amtaje ndani yake mtu anayemjua ambaye halali. Yaa Rabb, wale uliowakadiria uponaji uwaharakishie, na wale uliowakadiria kusubiri uwape usingizi, uwape wa kuwaamini, na uwafunike. Amin.