Na Huyu Je?

Wapendwa, Bwana asifiwe. Wiki hii nimeugua ugonjwa ambao zahanati haiuoni: husuda. Dada mmoja tuliyeanzisha naye kundi la maigizo la vijana kanisani, huku Likoni, Mombasa, tamthilia yake imeanza kuonyeshwa kwenye runinga. Jumatatu, nikingoja feri, niliandika "Hongera" kwenye simu, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Geti likafunguliwa, umati ukanisukuma ndani, ujumbe haukwenda.

Mithali 14:30 mnaijua. Husuda ni ubovu wa mifupa.

Usiku nikawa nasoma habari za Shonda Rhimes, yule mwandishi na mtayarishaji wa Marekani. Nadhani nilitaka mtu wa mbali, nimhusudu bila kuonana naye Jumapili. Mwaka 2014 Alhamisi usiku kwenye kituo cha runinga cha ABC ilikuwa yake, tamthilia tatu mfululizo. Mwaka 2017 akatangaza kuhamia Netflix. Kumbe kabla ya tamthilia yake Grey's Anatomy kuanza, 2005, alikuwa ameandika kipindi cha majaribio kuhusu wanahabari wanawake wa vitani, na kituo hichohicho kikakikataa. Akaketi akaandika cha madaktari.

Kurasa zilizokataliwa hatuzioni. Tunaona taa tu, kisha tunanong'onezana: "Huyo si bure, ameingia frimasoni." Jamani! Naanza kujikemea mwenyewe, kisha nawakemea ninyi. Mtu amekesha akiandika, amefunga, ameomba, mlango umefunguka, nawe sifa unampa shetani? Ijumaa kwenye kesha twapaza sauti, "Baba, fungua milango!" Ukifunguka wa jirani, twanuna, hata ile "amina" yatoka puani. Petro naye alimgeukia Yohana: "Bwana, na huyu je?" Yesu hakumfafanulia ya Yohana. "Imekupasaje wewe? Wewe unifuate mimi." Petro, mwana wa Yona, aliulizwa hivyo akiwa ndiyo kwanza amekabidhiwa kondoo, tena mara tatu! Kazi anayo mkononi, jicho liko kwa mwenzake. Ndivyo nilivyokuwa mimi.

Alhamisi asubuhi, feri ikiwa katikati ya maji, niliutuma ule ujumbe wa "Hongera". Yule dada akajibu kabla sijafika Posta: "Kaka, nilidhani umenikasirikia. Na ile hadithi yako ya mabaharia imefika wapi?"

Ilikuwa chini ya kitanda, kwenye daftari la kurasa 200. Nimelitoa jana. Mende wamekula jalada, maandishi yamesalimika.