Siku moja maishani mwangu: haori ya Giyu, na kesho ndio shoo

Saa 11:30 alfajiri. Sijawasha hata jiko na tayari nimeshika tepu na picha ya Giyu Tomioka, mhusika wa Kimetsu no Yaiba, hadithi ya anime, zile katuni za Kijapani. Kazi ni ya kijana mmoja anayepanda jukwaani kesho hapa Nairobi kwa mashindano ya kosplei, yaani kuvaa kama wahusika wa katuni, na kile kitambaa cha mchoro cha haori yake (koti pana la Kijapani la kuvaa juu ya nguo) tulichopeleka kuprintiwa kilirudi jana jioni kikiwa na michoro midogo kama sarafu ya shilingi 20. Rangi zimetoka vizuri, saizi ndio imekataa kabisa, na mchoro ukiwa mdogo hivo mtu akikuangalia kutoka nyuma ya ukumbi anaona tu shati la maua. Sikulala vizuri.

Sasa hesabu. Urefu rasmi wa Giyu ni sentimita 176, kwa karatasi yangu ya A4 amesimama sentimita 22, kwa hivyo kila sentimita 1 ya karatasi ni 8 za mwili. Mchoro mmoja kwa karatasi ni 1.1, kwa mwili inakuwa 8.8. Lakini kijana wangu ana urefu wa 168, ukimpunguzia kulingana na kimo unapata 8.4. Hio 8.4 nimeiandika kwa mkono na kalamu ya wino maana leo sitaki kuisahau.

Saa 1 asubuhi nafungua duka. Kwa wale hamnijui, mimi ni fundi wa sare za shule, sweta na sketi na kaptula, kosplei ilikuja baadaye wakati kijana mmoja alinionyesha simu akaniuliza kama naweza kumshonea koti lenye kola ya kusimama. Nikaangalia nikaona hii ni sare ya shule jamani! Na ni kweli, sare ya wale wauaji wa mashetani wa Kimetsu no Yaiba imefuata gakuran, sare ya wavulana wa shule za Japani, na kola ya kusimama ukiijua umeijua. Gaberdini nyeusi ninayo kila mwaka. Ya Giyu niliimaliza wiki iliyopita, na vifungo ni vya dhahabu kwa sababu yeye ni Hashira, yaani muuaji wa cheo cha juu kabisa, wale wa kawaida wanavaa vya fedha. Mgongoni nimetarizi ile herufi ya Kijapani yenye maana ya kuangamiza. Kijana aliniuliza kwani kuna haja gani na haori itafunika, nikamwambia ukivua haori jukwaani je?

Saa 2. Nimekata stensili kwa filamu ya eksirei ya zamani, ni ngumu na hailowi. Mchoro wa upande wa kushoto wa haori ni wa pembe sita pembe sita zilizoshikana kama gamba la kobe, Wajapani wanauita kikko, na ndani yake kuna kijani, manjano na chungwa. Nimeanza na kitambaa cha manjano kitupu, nikapiga rangi ya wachapishaji wa tisheti kwa sponji, kijani kwanza halafu chungwa. Siri ni sponji iwe karibu kavu, ukiichovya ikajaa rangi inatambaa chini ya stensili na kona zako zinakuwa za mviringo, na kikko bila kona si kikko. Ni vipande vitatu tu: nusu ya mgongo, nusu ya mbele na mkono mmoja. Nilipomaliza wa tatu ilikuwa saa 4 na nusu na mabega yanauma, nikavianika kwa kamba huko nyuma ya duka na nikaomba Mungu mvua isinyeshe.

Wakati vinakauka nikageukia upande wa kulia, ule wa maruni. Hapa ndipo watu wengi wanakosea na inaniuma kila nikiona. Wanaenda kununua satini. Satini inang'aa, taa za jukwaani zikiipiga picha zote zinatoka nyeupe nyeupe, na zaidi ya hapo Giyu hatembei amevaa kitu cha kung'aa, amevaa haori ya dadake. Dada huyo, Tsutako, alikufa akimlinda siku moja tu kabla ya harusi yake. Na ule upande wa kikko ulikuwa wa Sabito, rafiki yake aliyekufa kwenye mtihani wa kuingia kikosi cha wauaji wa mashetani. Kwa hivyo hii si nguo ya rangi mbili ati kwa sababu mchoraji alipenda hivo, ni nguo mbili za marehemu wawili zilizokatwa zikaunganishwa, na ukishajua hio unajua utashona vipi. Mshono wa katikati ya mgongo lazima uwe mshono wa kweli, vitambaa viwili tofauti vikutane pale, si kitambaa kimoja kilichopakwa rangi nusu nusu. Nilichukua pamba nzito ya maruni, isiyong'aa, nikatoka nayo nje kwenye jua ndio nilinganishe na picha, kwa sababu taa ya duka inadanganya, na hata picha yenyewe nilichagua ya mchana, za usiku zinafanya maruni ionekane zambarau.

Na mshono wa mgongoni si jambo geni kwa nguo za kijapani. Kitambaa cha kimono kinafumwa chembamba, upana kama sentimita 36 hadi 38, kwa hivyo mgongo lazima uwe vipande viwili vilivyounganishwa katikati. Karibu kila kitu ni mstatili, hakuna shimo la kwapa lililokatwa kwa kupinda kama shati letu. Nilipoanza nilikuwa nakata bega kama la blauzi na nilikuwa nashangaa kwa nini mikono hailali vile inalala kwa anime.

Saa 7 chapati na madondo. Mzazi amekuja kuchukua sketi tatu, nimempa, amelipa, ameenda.

Saa 8 nimevuka barabara kwa mama wa saluni, yeye ndio ananitengenezea wigi zote. Nywele za Giyu ni nyeusi, zimechongoka juu na zimefungwa chini nyuma. Mimi nilikuwa nafikiria wigi za anime ni kitu cha ajabu mpaka yeye akanishikisha nyuzi na kuniambia hii ni familia moja na braid ninazosuka kila siku. Kanekalon, ile nywele mnayoijua, ni ya kampuni ya Kaneka huko Japani, wameitengeneza tangu 1957. Kwa hivyo anafanya vile anafanya miisho ya braid: anachota maji moto, anachovya ncha, anavuta na kuzipinda kwa kitana, anashikilia mpaka zipoe. Zikipoa zimekaa hivo hivo. Hakuna jeli nyingi, na nampenda sana kwa hio, maana jeli nyingi inafanya nywele zionekane zimelowa.

Saa 9 na nusu rangi imekauka. Napiga pasi juu ya kitambaa cheupe ili rangi ishike, polepole, kila sehemu, halafu naanza kuunganisha. Kabla ya kushona nimeangalia picha mara ya mwisho na hapa niwaambie kitu: picha ya kwanza ambayo kijana alinitumia ilikuwa selfi ya mtu mwingine aliyevaa Giyu, na simu ilikuwa imeigeuza kama kioo, maruni ilikuwa kushoto. Ningefuata ile tungeaibika wote. Maruni ni mkono wake wa kulia. Angalia kila mara kwa anime yenyewe ama kwa manga, vile vitabu vya katuni, si kwa selfi. Kwa kimono ni hatari zaidi, kwa sababu kushoto ndio hulala juu ya kulia, na kulia juu ya kushoto ni vile wanavalishwa maiti, kwa hivyo selfi iliyogeuzwa inaweza kukufanya umvalishe Nezuko, yule msichana wa hadithi hiyo hiyo, kama marehemu bila kujua.

Saa 12 na nusu jioni kijana amefika, ametoka kazini moja kwa moja. Amevaa sare, kisha haori, amegeuka, na nikaliona hapo hapo. Kola ya haori ni ukanda mmoja mrefu unaozunguka shingo, kwa hii yetu maruni na kikko zinakutana kisogoni, na pale zilipokutana zilikuwa zimepita mshono wa mgongo kwa milimita kama 3. Yeye akasema "Fundi, iko sawa kabisa, hakuna mtu ataona." Nikamwambia vua.

Nimefumua kola kutoka bega hadi bega, nikaweka pini moja pale pale kwenye mshono, nikaanza kushona kutoka kisogoni kwenda kila upande badala ya kutoka ncha moja hadi nyingine, maana kitambaa kizito kinasukumwa na mashine na hizo milimita ndio zinapotelea hapo. Yeye amekaa kwa stuli ananishikia tochi ya simu. Stima ilikuwepo, lakini maruni usiku inakunywa mwanga wote.

Saa 2 na dakika 20 amevaa tena. Mstari umeshuka kutoka kola hadi pindo bila kuyumba, upande mmoja dada, upande mmoja rafiki. Amenyamaza akijiangalia kwa kioo, halafu akashika mkono wa maruni kwa vidole viwili. Akaniambia asante fundi, akalipa salio, nikamfungia kwa henga na mfuko mrefu ili isikunjwe kwa matatu, na nikamkumbusha asiketi kama ameivaa mpaka majaji wamwone.