Uzoefu wangu: kutibu nimonia ya ndama wa kunenepesha, Nzega

Wadau mnaonenepesha ndama kama mimi, mkishusha mzigo wa mnadani mwezi wa sita au wa saba jueni kikohozi kipo njiani, maana wametoka mazizi tofauti, wamebanana kwenye Fuso kutwa nzima bila maji, vumbi linawaingia afu usiku baridi, basi wale bakteria waliokuwa wamekaa kimya puani, akina Pasteurela, wanashuka mapafuni.

Mi nawavizia asubuhi mapema. Nikimwaga pumba na mashudu wazima wanakimbilia hori, sasa yule anayebaki nyuma, kichwa chini, masikio yamelegea, ubavu unacheza haraka haraka, huyo namtoa. Sisubiri makamasi mazito, yakifika hapo mapafu yameshaharibika na dawa inahangaika tu. Namuweka themometa nyuma, nimeifunga uzi isizame, nasubiri kama dakika moja. Mzima anakuwa kati ya 38.5 na 39.5, mwenye dalili hizo akifika 40 anachomwa siku hiyohiyo. Ukipima saa nane mchana jua la huku litakudanganya, hata mzima joto linapanda.

Ila kabla ya sindano yoyote nilimuita kwanza daktari wa mifugo, kwasababu homa ya mapafu ya ng'ombe (CBPP, ugonjwa mwingine wa kuambukiza, sio hii nimonia) nayo inaanza hivyohivyo, kukohoa na kuhema, na ile ni ya kutolewa taarifa serikalini, sio ya kutibia kimyakimya zizini jamani. Aliporidhika kwamba ni nimonia ya safari akanipangia OTC (oksitetrasaiklini, antibiotiki ya sindano) ya asilimia 20, ml 1 kwa kila kilo 10, na sindano ya kushusha homa na maumivu. Watu wengi wanaharibia kwenye kukadiria uzito kwa macho, ndama anapata dawa pungufu, wadudu wanaizoea. Mi napima kifua kwa utepe wa kukadiria uzito, wa kilo 150 anapata ml 15, naigawa shingoni kushoto na kulia maana sehemu moja isizidi ml 10. Afu namtenga kivulini na maji masafi na nyasi laini.

Siku ya tatu napima tena, homa ikiwa bado iko juu namrudia daktari abadilishe dawa.

Tarehe ya sindano naandika kwenye daftari pamoja na namba ya hereni. Chupa yangu inasema siku 28 kabla ya kuchinja, kwahiyo mchinjaji akija na hela mkononi namuonyesha wengine.