Ninavyowafundisha wanafunzi wa udaktari kumpumulisha kichanga

Kumpumulisha mtoto aliyezaliwa bila kulia hakufundishiki kwa slaidi. Mwanafunzi wa mwaka wa nne anaweza kukutajia hatua zote bila kukosea, lakini ukimpa mkononi ambu, yaani mfuko wa kuminya wenye barakoa ya kumpa mtoto pumzi, hewa yote inavujia shavuni. Ndiyo maana kipindi changu huanzia kwenye mwanasesere; maelezo hufuata mikono ikishaonja ugumu wenyewe.

Natumia NeoNatalie, mwanasesere wa mafunzo mwenye umbo la kichanga. Namjaza maji ya uvuguvugu, kama lita 2, kwa sababu akijazwa upepo anakuwa mwepesi mno na kichwa hakilegei kama cha mtoto halisi. Naweka wanafunzi wanne kwa mwanasesere mmoja: wa kwanza anapumulisha, wa pili anahesabu kila kifua kinapopanda, wa tatu anashika saa, wa nne anaminya kipira kinachofanya kitovu cha mwanasesere kidunde kama mapigo ya moyo. Wakizidi hapo, wengine hugeuka watazamaji.

Mwendo ni pumzi 40 kwa dakika. Wanahesabu kwa sauti “moja, mbili, tatu”: moja unaminya, mbili na tatu unaachia. Ninachopima ni kifua kupanda. Idadi ya kuminya peke yake hainiambii kitu.

Kosa linalojirudia ni kukandamiza barakoa. Mwanafunzi akisikia hewa inavuja, anasukuma chini. Kidevu kinaingia kifuani, shingo inakunjika, njia ya hewa inaziba. Hapo namsimamisha na kumpanga vidole upya: gumba na shahada juu ya barakoa, cha kati chini ya kidevu, kikiinua taya kuifuata barakoa. Naomba chumba kiwe kimya, maana uvujaji husikika kabla haujaonekana. Kifua kisipopanda bado, ni kurekebisha barakoa, kisha kichwa, kusafisha ute, kuachamisha mdomo kidogo, ndipo kuminya zaidi. Wengi hukimbilia hilo la mwisho.

Utafiti wa Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, uliochapishwa 2013, ulionyesha kuwa mafunzo ya siku moja yaliboresha utendaji kwenye mwanasesere, lakini si huduma ya watoto wenyewe. Kwa hiyo simfungii mwanasesere kabatini. Anakaa leba, na kila mwanafunzi anayeingia zamu hufanya dakika tano kwanza, mkunga akimsimamia. Zamu ikiisha wanammwaga maji na kumkausha, la sivyo huota ukungu ndani.