Jangwa halitembei: niliyoyakuta niliporudi Handeni

Watu wakisikia nimerudi kutoka Oman huniuliza jangwa likoje. Nalijua. Nimefanya kazi Muscat miaka mingi, na nimepita kwenye mchanga wa Sharqiya, vilima vyekundu vinavyofuatana mpaka macho yachoke. Ile ni nchi kame kwa maumbile yake na wenyewe wamejifunza kukaa nayo. Muscat hupata mvua ya kama milimita 100 tu kwa mwaka mzima. Lakini ukienda Nizwa na vijiji vya milimani unakuta mifereji waiitayo aflaj, inayoyatoa maji chini ya ardhi na kuyafikisha kwenye mitende, na kila mwenye shamba anajua zamu yake ya kumwagilia ni saa ngapi. Mifereji hiyo ina mamia ya miaka. Takriban 3,000 bado inapitisha maji hadi leo.

Handeni yetu inapata mvua mara kadhaa ya hiyo. Ndiyo maana nilichokikuta kimeniuma sana. Mvua inanyesha, ila ardhi haina tena nguvu ya kuishika.

Njia ya kwenda shambani kwa mama ilikuwa inapita kati ya mikambala na mikwaju, unatembea umeinamisha kichwa kukwepa miiba. Sasa hivi jua ni lako lote tangu nyumbani mpaka shambani. Katikati ya njia pamechimbika korongo linalonifika kiunoni. Niliingia ndani nikautazama ukingo wake: juu kuna udongo mweusi, unene wake haupiti upana wa kiganja changu, na chini yake ni udongo mwekundu mgumu ambao hata jembe linaukataa. Mizizi ya mkambala uliokatwa zamani inaning'inia hewani. Ule weusi kidogo wa juu ndio uliotulea sisi sote, mahindi na kunde tulizokula zimetoka humo. Kila masika unapungua.

Tulipokuwa shule tuliambiwa jangwa linashuka kutoka Sahara. Picha hiyo imetudanganya wengi, tukadhani tuko mbali nalo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kupambana na hali ya jangwa, uliopitishwa mwaka 1994 na Tanzania ni mwanachama wake, unazungumzia jambo jingine: ardhi kuharibika katika maeneo makavu kwa sababu ya mabadiliko ya hali ya hewa na shughuli za watu. Hakuna mchanga unaosafiri kuja kwetu. Ardhi inafia hapo hapo ilipo. Mti ukiondoka, majani makavu hayaanguki tena kuirutubisha, na tone la mvua linapiga udongo mtupu. Juu panaganda kama sakafu. Maji hayazami, yanakimbia, na yanaondoka na udongo. Visima vinakauka wiki chache tu baada ya masika, halafu utasikia mtu analaumu mvua. Mvua nayo imekuwa haieleweki, sikatai, hasa ya vuli. Lakini hata ile inayokuja tunaiachia iende zake baharini.

Mjomba wangu anachoma mkaa. Nilimwamkia, tukakaa, nikamuuliza taratibu kwa nini.

"Mpwa wangu," akasema, "mahindi yamekauka mwaka juzi, yamekauka mwaka jana. Mkaa haujawahi kunikaukia."

Sikuwa na la kumjibu siku ile, na sitakubali mtu yeyote amwite mharibifu wa mazingira akiwa mjini na jiko la mkaa uani kwake. Tanuri lake ni la udongo, kama la wenzake wote. Tanuri la namna hiyo hula tani tano mpaka kumi za magogo kutoa tani moja ya mkaa. Magunia yanapangwa kando ya barabara ya Segera kwenda Chalinze, na mengi yanaishia Dar es Salaam. Serikali imepanga asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Nauombea mpango huo ufike, maana bila kupunguza njaa ya mkaa mjini, kumkataza mjomba ni kumhamishia tu kwenye pori jingine. Kuna na moto wa kuandaa mashamba, ambao haumsikilizi aliyeuwasha, na kuna ng'ombe wengi kuliko malisho. Wafugaji nao wamefukuzwa na ukame kwao. Hawakuja kututafuta ugomvi.

Mkoa wetu wa Tanga una historia ya jambo hili. Kule Mlalo, Lushoto, Mwingereza aliwalazimisha watu kulima matuta baada ya Vita Kuu ya Pili. Kazi ilikuwa ya shuruti, na wenyeji waliipinga mpaka katika miaka ya 1950 ikaachwa. Shinyanga walikwenda kwa njia nyingine. Mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulianza mwaka 1986, na ulishika desturi ya Wasukuma wenyewe ya ngitili, yaani kufunga sehemu ya malisho ili ipumzike na miti irudi. Zilikuwapo hekta kama 600 tu za ngitili wakati huo. Zilifika zaidi ya 300,000. Mimi naamini tofauti ni hiyo: ngitili ina mwenyewe.

Na kwetu Handeni hatuna haja hata ya kununua miche. Pitia shamba lolote lililokatwa miti uangalie chini. Visiki vingi bado vina uhai, kila mwaka vinachipua na kila mwaka tunavifyeka kwa jembe au mbuzi wanavimaliza. Dodoma wanaiita njia hii kisiki hai. Unachagua machipukizi matatu mpaka matano yaliyonyooka, mengine unayakata. Hayo uliyoyaacha unayapogolea matawi ya chini mpaka karibu nusu ya urefu wake. Unafunga kitambaa ili mwenye jembe aone, na unazuia moto na mifugo. Basi. Mizizi iko chini tayari, imeshayafikia maji, ndiyo maana chipukizi la kisiki hukimbia kuliko mche.

Mjomba ametenga kipande nyuma ya nyumba yake. Yeye ndiye aliyekuwa ananionyesha kisiki kipi cha mkambala na kipi cha mgunga, maana alivikata mwenyewe. Amesema atakuwa anavuna matawi ya kuni humo humo bila kuugusa mti, na kwenye mkutano wa kijiji ataomba sheria ndogo ya moto isomwe upya, faini iwe ya kweli. Wenye ndugu Kilindi, Mkata na Kabuku, wapigieni simu kabla ya kuandaa mashamba ya vuli. Waambieni wasivifyeke visiki vinavyochipua.